Mtoko wa Maktabani

Umechoka na mitoko ya kula, kunywa na kuchezea simu? Mpeleke mwenzio kwenye jumba lenye simba wawili mlangoni. Mtarudi nyumbani mkiwa na mengi ya kuzungumza.

Mpenzi msomaji, hebu tuambizane ukweli. Mtoko wako wa mwisho na mwandani wako ulikuwaje? Mlivaa mkapendeza, mkanukia, mkakaa foleni saa nzima, mkafika. Mkaagiza. Wakati chakula kinasubiriwa, kila mmoja akatoa simu yake. Sahani zikaja, zikapigwa picha, mkala. Bili ikaletwa, mkatazamana. Na njiani kurudi mlizungumzia nini? Foleni, bosi wako na kodi ya nyumba. Yaani yale yale mliyoondoka nayo.

Hapo hakuna aliyeacha kumpenda mwenzake. Meza ya mgahawani inawapa kitu cha kula, lakini mazungumzo mnatakiwa mje nayo wenyewe. Siku za mwanzo za uchumba mazungumzo ni mengi, kwa kuwa kila mmoja ni kitabu kipya kwa mwenzake. Baada ya miaka miwili, mitatu, unaanza kudhani kitabu umekimaliza. Kumbe umesoma jalada na kurasa chache za mbele.

Ndiyo maana mwezi huu tunawapeleka mahali ambapo wengi wetu tulipaaga siku tulipomaliza mtihani wa mwisho: maktaba ya umma. Usicheke kwanza! Hatusemi mkakae kimya mkisoma kamusi. Maktaba za leo zina maonyesho ya picha, mijadala ya vitabu, usomaji wa mashairi, filamu, na hata matamasha. Mfano mzuri uko katikati ya jiji la Nairobi, na historia yake peke yake inatosha kuwatoa usingizini.

Jumba la simba wawili

Mtaa wa Banda, jirani kabisa na Msikiti wa Jamia, kuna jengo la mawe lenye nguzo nene mbele kama mahekalu ya Wagiriki wa kale. Pembeni mwa ngazi zake wamekaa simba wawili wa mawe. Hiyo ndiyo Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa huko Juja na aliyefariki mwaka 1925.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, jengo lenyewe ni zawadi ya mke kwa mume. Tungeweza kuishia hapo tukasema mahaba yalijenga maktaba, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini ina upande wake mchungu. Mlango ule ulikuwa wa Wazungu peke yao. Hadi mwaka 1958, Mwafrika au Mhindi hakuruhusiwa kuketi pale akasoma. Piga hesabu: miaka 27. Kama bibi yako alikuwa msichana wa miaka 18 mwaka 1950, na akawa anajua kusoma vizuri tu, pengine pale angeingia kwa kazi ya kupangusa vumbi, basi. Kitabu asingekigusa kwa ajili yake mwenyewe.

Na usidhani watu wetu hawakujua maktaba ni nini kabla ya hapo. Mombasa ilikuwa na maktaba na chumba cha kusomea cha Seif bin Salim tangu mwaka 1903, karibu miaka thelathini kabla simba wale hawajawekwa Nairobi.

Baadaye McMillan ikawa mali ya jiji, mlango ukawa wa wote. Ina hata sheria yake maalum, Sura ya 217 ya Sheria za Kenya, inayolilinda jumba hilo. Pengine hiyo ndiyo sababu bado limesimama katikati ya maghorofa, mahali ambapo kiwanja kimoja kinatosha kuwatoa watu udenda. Ila sheria haizibi paa linalovuja wala haifuti vumbi kwenye magazeti ya zamani. Miaka ikapita, vitabu vikazeeka, wasomaji wakapungua. Watu wakawa wanapita pale mbele wakikimbilia matatu, hawageuzi hata shingo.

Wanawake wawili na funguo za mlango

Mwaka 2017 marafiki wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi inayoitwa Book Bunk. Koinange ni mwandishi wa riwaya. Wachuka alikuwa mkurugenzi wa Kwani Trust, wachapishaji wa jarida la fasihi linalojulikana sana Nairobi. Mwaka uliofuata wakaanza ushirikiano na Kaunti ya Jiji la Nairobi ili kuzifufua maktaba tatu: McMillan yenyewe na matawi yake mawili, Kaloleni na Eastlands iliyoko Makadara.

Hebu fikiri kazi hiyo ilikuwaje. Kuna vitabu na nyaraka zaidi ya laki nne za kupekuliwa moja moja. Kuna wafanyakazi wa kaunti waliokuwa na taratibu zao za miaka mingi. Kuna fedha za kutafutwa kwa wafadhili, na ofisi za serikali za kubembelezwa. Kaloleni na Eastlands, zilizo ndogo na karibu na makazi ya watu, ndizo zilizokarabatiwa kwanza. Mwaka 2021 tamasha la fasihi la NBO Litfest likafanyika, waandishi na wasomaji wakakutana ndani ya maktaba za umma badala ya kumbi za hoteli kubwa. Mwaka 2023 hata Mfalme Charles wa Uingereza alipoizuru Kenya alipelekwa Maktaba ya Eastlands. Mjukuu wa utawala uliofunga mlango kule mjini akaja kupokelewa na vijana wa Makadara kwenye maktaba yao. Dunia inazunguka!

Safari hiyo ya wanawake wawili ilirekodiwa kwa takriban miaka minane na Maia Lekow na Christopher King, ambao ni mke na mume. Filamu yao, How to Build a Library, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance kule Marekani, Januari 2025. Kwa wale mnaosema mume na mke hawawezi kufanya kazi pamoja bila kugombana, mtafuteni mwone. Hatukuahidi kwamba hawakugombana, lakini filamu ilikwisha.

Kwa nini maonyesho yanawafaa wapenzi?

Ukikaa na mtu mezani, mnatazamana uso kwa uso. Kama kuna jambo zito, uso kwa uso hugeuka mahojiano. Mkisimama mbele ya picha, mnasimama bega kwa bega, wote mnatazama kitu kimoja. Maneno yanatoka yenyewe. Wala hutakiwi kuanzisha mada, picha imeshaianzisha.

Chukua mfano. Tuseme mmoja wenu amekulia Kakamega na mwingine Lamu. Mnasimama mbele ya gazeti la miaka ya 1960 lililowekwa kwenye kioo. Mmoja anasoma kichwa cha habari, mwingine anasema, "Mwaka huu ndo babu alihama." Alihama kutoka wapi? Kwa nini? Aliacha nini nyuma? Mmeishi pamoja miaka mitatu na hukuwahi kusikia habari hiyo. Mwenzio hakukuficha. Ni kwamba hakukuwa na siku iliyomfanya aikumbuke.

Na hapa ndipo tunapotaka mtulie kidogo, maana si mchezo. Wengi wetu tunapendana kutoka makabila tofauti, dini tofauti, pande tofauti za historia moja. Mambo yakiwa shwari, tunasema mapenzi hayana kabila. Halafu unafika mwaka wa uchaguzi. Simu za nyumbani zinaanza. Shangazi anauliza, "Hivi huyo wako ni wa wapi vile?" Mjomba anasema jambo mezani, mwenzio ananyamaza, na kimya hicho mnalala nacho wiki nzima. Ndoa nyingi hazikuvunjwa na siasa yenyewe. Zilichoka na kimya kilichokuja na siasa.

Wanjiru Koinange mwenyewe aliandika riwaya kuhusu mambo haya, The Havoc of Choice, iliyotoka mwaka 2019. Inahusu familia zilizokumbwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,000 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Leo kuna watu wazima wenye kazi nzuri na suti nzuri waliokuwa watoto wakati ule, wakikimbizwa usiku wakiwa na blanketi kichwani. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye unayelala naye kitanda kimoja.

Sasa jiulize: ni afadhali kuyajua hayo wapi? Katikati ya ugomvi, matokeo yakitangazwa redioni? Au Jumamosi mchana, mbele ya picha ya zamani, kwa sauti ya chini kwa sababu mko maktabani? Sisi tunachagua maktaba. Mahali pale panawalazimisha kushusha sauti, na ukishusha sauti hata hasira hushuka.

Mchezo wa rafu

Kuna mchezo mmoja mzuri mnaoweza kuucheza, na hauhitaji onyesho lolote. Tazameni namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa utaratibu wa Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Namba za 200 ni za dini. Lakini ukizichunguza utaona kwamba sehemu kubwa ilitengewa Ukristo, na dini nyingine zote za ulimwengu zikabanwa kuanzia 290 hadi 299. Uislamu, wenye waumini zaidi ya bilioni moja, ukapewa 297. Dini za jadi za Kiafrika zikasukumwa kwenye 299, kwenye kona ya mwisho. Na hapo mko jirani na Msikiti wa Jamia, adhana inasikika dirishani!

Fasihi nayo ina kituko chake. Riwaya ya Kiingereza hukaa 823. Fasihi ya Kiswahili hukaa 896. Kwa utaratibu huo, Ngũgĩ wa Thiong'o mmoja anagawanyika vipande viwili: A Grain of Wheat ya mwaka 1967 inakwenda kukaa na Waingereza, na Caitaani Mũtharabainĩ, aliyoiandika kwa Kikuyu na kuchapishwa mwaka 1980, inakwenda 896. Mtu yule yule, kalamu ile ile, rafu mbalimbali.

Basi shindaneni. Mmoja amtafute Shaaban Robert, mwingine atafute kitabu kuhusu mji wenu wa nyumbani. Atakayechelewa ananunua chai. Mkishakunywa hiyo chai, ulizaneni: kama tungepanga rafu hizi sisi, kitabu cha nyumbani kwenu tungekiweka wapi? Kwenye kona, au karibu na mlango?

Haya, mtafanyaje? Mambo saba ya kuzingatia

1. Ulizeni kwanza. Piteni hapo mlangoni siku ya kazi, au pigeni simu, mjue saa za kufungua, kiingilio kama kipo, na ratiba ya mwezi. Maktaba za umma hazina fedha za matangazo makubwa. Mara nyingi tangazo lote ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao.

2. Ongeeni na mkutubi. Huyu ndiye anayejua kilichofungiwa kabatini. Msalimieni kwa heshima, mwambieni mnachopenda. Mkutubi aliyeulizwa swali zuri ni kama mpishi aliyesifiwa.

3. Ombeni gazeti la siku yenu. Maktaba yenye magazeti ya zamani inaweza kuwatolea la mwaka mliozaliwa, au la mwaka ambao wazazi wenu walioana. Someni matangazo ya biashara pia. Bei ya baiskeli wakati ule itawachekesha, au itawaliza.

4. Simu mfukoni. Picha moja ya kumbukumbu inatosha, na muulize kama inaruhusiwa. Taa ya kamera huumiza karatasi za zamani.

5. Kila mmoja achague picha moja. Mkitoka, mwelezane kwa nini hiyo na si nyingine. Usimkosoe mwenzio. Anachokupa hapo ni siri ndogo.

6. Kama mna watoto, msiwaache nyumbani. Mwanao akiona baba anasoma bila kulazimishwa na mtu, umemfundisha jambo ambalo ada ya shule haiwezi kununua.

7. Endelezeni mtoko. Mkiwa mmetoka McMillan, wikiendi nyingine nendeni Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wanauita Kilimambogo, nje kidogo ya Thika. McMillan na mkewe Lucie wamezikwa huko mlimani. Mtu alikuwa na mwili mkubwa, na hadithi ya huko husema jeneza lilishindikana kufikishwa kileleni, ndiyo maana kaburi liko njiani. Beba maji na chapati zako.

"Lakini mpenzi wangu hapendi kusoma"

Tumesikia. Na wengi wenu ndivyo mlivyo, msimsingizie mwenzio. Maonyesho hayahitaji msomaji. Anayependa mpira atatafuta picha za Gor Mahia na AFC Leopards za enzi hizo. Anayependa mitindo ataangalia magauni na viatu vya akina mama wa miaka ya 1970, na atagundua kwamba anachodhani ni kipya mama yake alishakivaa. Fundi ataangalia jinsi dari lilivyojengwa. Mpenda maneno atakaa kwenye mjadala na kuuliza maswali hadi taa zizimwe.

Na wewe uliye bado peke yako, usifunge gazeti. Kwenye mjadala wa kitabu unamsikia mtu akifikiri kabla hujajua anaendesha gari gani. Hiyo ni nafasi adimu mjini. Ukimpenda kwa swali aliloliuliza, una pa kuanzia.

Kama huko Nairobi?

Usikate tamaa. Kama uko Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, wakati nchi changa ilipoamua kwamba kusoma ni haki ya kila mwananchi. Ingieni mkaone. Mikoani nako kuna maktaba. Garissa, tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya imetumia ngamia kuwafikishia wafugaji vitabu huko waliko. Kama ngamia anaweza kutembea na maktaba mgongoni, wewe unashindwa kupanda daladala?

Na kama maktaba yenu haina onyesho lolote, anzeni nyinyi. Wanaotoka kazini pamoja, kikundi cha kanisani au msikitini, wapangaji wa mtaa mmoja, kila mmoja alete picha moja ya zamani ya familia na maelezo ya mistari mitatu. Kwa picha arobaini mna onyesho. Mwombeni mkutubi ukuta mmoja na Jumamosi moja. Picha ya harusi ya bibi ikining'inia ukutani, mtaa mzima utakuja kuona, na wazee watasahihisha majina.

Tulizoea kudhani mahali pazuri ni pale tunapolipa sana. Maktaba ya umma tumeshailipia kupitia kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, tuingie tusiingie. Wazee wetu walizuiwa mlangoni kwa rangi ya ngozi yao. Sisi hakuna anayetuzuia, tunapita tu. Na jengo lisilo na watu hupata majirani wenye macho ya tamaa, wanaoanza kuuliza: hiki kiwanja kinafanya nini hapa? Jibu zuri kuliko yote ni foleni ya watu mlangoni siku ya Jumamosi, wawili wawili, wameshikana mikono.

Basi mwambie mwandani wako leo, kabla hajapanga jingine: "Jumamosi tunatoka." Akikuuliza wapi, mwambie avae viatu vya kutembea, na aje na swali moja kuhusu kwao ambalo hujawahi kumuuliza.